Georg Ohm: Mtoto wa fundi makufuli aliyeonyesha kuwa betri hupimwa ikiwa na mzigo

JINA lake hutamkwa kila siku na mafundi umeme, mijini na vijijini, lakini wengi wanaolitamka hawajui kwamba ni jina la mtu. Kwao omu ni kipimo tu cha ukinzani wa umeme, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito.

Mtu huyo ni Georg Simon Ohm, mwalimu wa hesabu na fizikia wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1789 na kufariki dunia mwaka 1854. Ndiye aliyeonyesha kwa namba jambo ambalo kila mnunuzi wa betri, paneli ya sola au jenereta anapaswa kulijua: nguvu ya chanzo cha umeme haijulikani kikiwa kimepumzika. Hujulikana pale kinapobebeshwa mzigo.

Siku hizi kazi ya kubebesha vyanzo vya umeme mzigo hufanywa na mashine za kielektroniki zinazopangiwa programu. Ohm aliifanya kwa vipande vinane vya waya wa shaba, barafu na maji yanayochemka. Kazi hiyo ndiyo iliyompa heshima duniani, lakini kabla ya heshima ilimletea kejeli na kumwacha bila ajira ya kudumu.

Alikotoka

Ohm alizaliwa Machi 16, 1789 katika mji wa Erlangen, ambao sasa uko katika jimbo la Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi makufuli. Mama yake, Maria Elizabeth, alikuwa binti wa fundi cherehani. Kati ya watoto saba wa familia hiyo ni watatu tu waliofikia utu uzima, na Georg alikuwa na umri wa miaka 10 mama yake alipofariki dunia.

Mzee Ohm hakuwa na elimu ya juu, lakini alijisomea hesabu mwenyewe hadi akaweza kuwafundisha wanawe Georg na Martin. Juhudi hizo hazikupotea bure, kwani Martin naye alikuja kuwa mtaalamu wa hesabu anayeheshimika. Kwa Georg, nyumba ya fundi makufuli ilikuwa na faida ya pili. Alijifunza kushika vyuma na kuviunda, na baadaye alitengeneza mwenyewe vifaa vingi vya majaribio yake.

Mwaka 1805 kijana huyo alijiunga na Chuo Kikuu cha Erlangen. Hata hivyo, masomo hayakumshika. Muda wake mwingi aliutumia kucheza dansi, kuteleza juu ya barafu na kucheza biliadi. Baba yake alikasirika kuona mwanawe akichezea nafasi ambayo yeye hakuipata, na mwaka 1806 Georg akapelekwa Uswisi kufundisha hesabu katika shule moja.

Huko ndiko alikotulia. Alijisomea vitabu vya wataalamu wakubwa wa hesabu, akarejea Erlangen mwaka 1811 na kupata shahada yake ya udaktari mwaka huohuo. Lakini shahada haikumpa mkate. Alifundisha chuoni hapo kwa mihula mitatu kwa malipo madogo, akaacha, na mwaka 1813 akaenda kufundisha katika shule ya hali ya chini mjini Bamberg. Shule hiyo nayo ilifungwa mwaka 1816.

Mwaka 1817 alichapisha kitabu cha jiometri na kumpelekea nakala Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia. Mwaka huohuo akapewa nafasi ya kufundisha katika shule ya sekondari mjini Cologne. Alikuwa na umri wa miaka 28, na kwa mara ya kwanza alikuwa na kazi ya uhakika na maabara yenye vifaa vya kutosha.

Betri iliyompotosha

Wakati huo elimu ya umeme ilikuwa changa. Alessandro Volta wa Italia alikuwa ametangaza betri yake ya kwanza mwaka 1800. Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark akagundua kwamba waya unaopitisha umeme husogeza sindano ya dira. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kupima mkondo wa umeme, kwani mkondo ukiwa mkubwa sindano husukumwa zaidi.

Ohm akajiuliza swali ambalo leo linaonekana rahisi: waya ukirefushwa, mkondo hupungua kwa kiasi gani? Alianza majaribio kwa kutumia betri ya aina ya Volta, na hapo ndipo alipokwama.

Tatizo halikuwa waya. Betri yenyewe haikutulia. Ilipounganishwa tu, nguvu yake ilianza kushuka, na ilipopumzishwa ikapanda tena. Kipimo kilichochukuliwa mwanzo hakikulingana na kilichochukuliwa dakika chache baadaye, ingawa waya ulikuwa uleule. Dereva yeyote aliyewahi kuwasha gari lenye betri iliyochoka anaifahamu tabia hiyo.

Mwaka 1825 Ohm alichapisha matokeo yake ya kwanza pamoja na kanuni aliyoamini kuwa ndiyo sahihi. Haraka haraka haina baraka. Kanuni hiyo ilikuwa na makosa, na aliyeyagundua ni yeye mwenyewe alipoendelea na majaribio.

Aliyemsaidia kutoka kwenye mkwamo huo ni Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia ambalo Ohm aliliandikia. Alimshauri aachane na betri na kutumia chanzo kilichokuwa kimegunduliwa miaka michache tu kabla na Thomas Seebeck. Katika chanzo hicho metali mbili tofauti huunganishwa katika ncha zake, ncha moja ikawekwa kwenye joto na nyingine kwenye baridi, na umeme ukapita.

Ohm alitumia metali ya bismuthi na shaba. Ncha moja aliiweka kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu inayoyeyuka. Umeme uliopatikana ulikuwa mdogo sana, lakini ulitulia, kwa kuwa joto la maji yanayochemka na la barafu inayoyeyuka halibadilikibadiliki.

Waya nane za Januari 1826

Akiwa sasa na chanzo cha kuaminika, Ohm alikata vipande vinane vya waya wa shaba wenye unene mmoja. Urefu wake ulikuwa inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Alivifunga kimoja baada ya kingine kwenye chanzo chake. Juu ya waya alining'iniza sindano ya sumaku, kisha akapima ni kiasi gani alilazimika kusokota utepe ulioishikilia ili sindano irudi mahali pake.

Kwa lugha ya leo, waya zile nane ndizo zilizokuwa mzigo. Kila waya mrefu zaidi ulikuwa na ukinzani mkubwa zaidi, hivyo ulipitisha mkondo mdogo zaidi.

Matokeo yalikuwa na jambo la kushangaza. Kwa waya wa inchi 2 kipimo kilikuwa takriban 327. Kwa waya wa inchi 4, yaani mara mbili ya ule wa kwanza, kilishuka hadi takriban 301 tu. Lakini kati ya waya wa inchi 66 na wa inchi 130, kipimo kilishuka kutoka takriban 83 hadi 48, karibu nusu. Kwa nini kurefusha waya mara mbili kulikuwa na athari ndogo mwanzoni na kubwa mwishoni?

Jibu la Ohm ndilo kiini cha kazi yake yote. Chanzo cha umeme pamoja na maungio yake kina ukinzani wa ndani. Katika jaribio lake ukinzani huo ulikuwa sawa na takriban inchi 20 za waya uleule. Kwa hiyo waya wa inchi 2 ulikuwa kwa kweli njia ya inchi 22, na ule wa inchi 4 njia ya inchi 24. Tofauti ni ndogo. Waya wa inchi 66 ulikuwa njia ya inchi 86, na ule wa inchi 130 njia ya inchi 150. Ukigawanya, hesabu inakubali.

Kanuni ikawa hivi: mkondo ni sawa na msukumo wa chanzo ukigawanywa kwa jumla ya ukinzani wa ndani na ukinzani wa mzigo. Shuleni wanafunzi hufundishwa zaidi sehemu ya pili, ile ya mzigo. Mwenye kununua betri anahitaji zaidi ile ya kwanza.

Chukua mfano wa betri mbili za volti 12. Zikiwa zimepumzika, kila moja inaonyesha volti 12.6 kwenye mita, na kwa macho zinafanana. Sasa kila moja ibebeshwe mzigo wa ampea 10. Ya kwanza inashuka hadi volti 12.1, ya pili hadi volti 10.6. Gawanya volti zilizopotea kwa ampea 10: ya kwanza ina ukinzani wa ndani wa omu 0.05, ya pili omu 0.2, mara nne zaidi.

Ongeza mzigo hadi ampea 20. Ya kwanza bado itatoa takriban volti 11.6, wakati ya pili itaanguka hadi takriban volti 8.6 na inveta itazima. Mita peke yake isingekuambia hilo.

Kitabu kilichokataliwa

Mwaka 1826 Ohm aliomba likizo ya mwaka mmoja, akapewa kwa nusu mshahara. Alikwenda Berlin, alikokuwa mdogo wake Martin, na mwaka 1827 akachapisha kitabu kilichoeleza nadharia yake yote ya saketi ya umeme kwa njia ya hesabu. Matumaini yake yalikuwa kwamba kitabu hicho kingemfungulia mlango wa kufundisha chuo kikuu.

Mambo yakawa kinyume. Wasomi wengi wa fizikia nchini mwake hawakuzoea kuona hesabu nyingi kiasi kile katika elimu ya umeme, na wengine waliona kuwa maumbile hayaelezwi kwa njia hiyo. Mwanafizikia Georg Friedrich Pohl aliandika uhakiki mkali dhidi yake. Nafasi ya chuo kikuu haikupatikana.

Ohm, ambaye alikuwa mtu mwepesi wa kuumia moyoni, alijiuzulu kazi yake ya Cologne mwaka 1828. Miaka iliyofuata aliishi Berlin akifundisha saa chache tu kwa wiki katika chuo cha kijeshi. Mtu aliyekuwa amegundua moja ya kanuni kubwa za umeme alikuwa akibangaiza. Mwaka 1833 ndipo alipopata nafasi katika shule ya ufundi ya Nuremberg, na mwaka 1839 akawa mkuu wa shule hiyo.

Wakati huohuo kazi yake ilikuwa ikijitetea yenyewe. Gustav Fechner wa Leipzig alirudia majaribio na mwaka 1831 akachapisha matokeo yaliyoiunga mkono. Wanasayansi wa Urusi, Ufaransa na Uingereza nao walifikia hitimisho hilohilo. Mwaka 1841 Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London kilimtunuku Ohm medali ya Copley, heshima yake kubwa kuliko zote, na mwaka uliofuata kikamfanya mwanachama wake wa kigeni. Waswahili husema nabii hakubaliki kwao, na ndivyo ilivyokuwa kwake: sifa zilitoka ng'ambo kabla ya nyumbani.

Mwaka 1849 aliitwa Munich, na mwaka 1852 akapewa uprofesa wa fizikia katika chuo kikuu cha mji huo. Alikuwa ameitafuta nafasi ya namna hiyo tangu ujana, akaipata akiwa na umri wa miaka 63. Aliifaidi kwa miaka miwili tu. Alifariki dunia mjini Munich Julai 6, 1854. Hakuwahi kuoa.

Biashara ya nyaya

Kilichoipa kanuni ya Ohm thamani ya fedha ni biashara ya simu za maandishi. Kampuni zilipoanza kulaza nyaya ndefu nchi kavu na chini ya bahari, zilihitaji kujua betri ngapi zinatosha kusukuma ujumbe, na waya ukikatika, umekatika wapi. Fundi aliyejua ukinzani wa kila maili ya waya aliweza kupima kutoka pwani na kukadiria umbali wa hitilafu iliyo chini ya bahari.

Pwani yetu haikubaki nyuma. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban. Miaka miwili baadaye, mwaka 1881, mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliofanyika Paris uliidhinisha majina ya vipimo vya omu, volti na ampea. Kwa hiyo mtoto wa fundi makufuli akawekwa kando ya Volta, ambaye betri ya aina yake ndiyo iliyompotosha mwanzoni.

Mashine inayofanya kazi ya waya nane

Leo viwanda vya betri, maabara za viwango na baadhi ya mafundi wa sola hutumia mashine iitwayo mzigo wa kielektroniki. Ndani yake, badala ya waya za urefu tofauti, mna transista zinazofunguka na kujibana kwa amri ya kompyuta ndogo. Mtumiaji huandika anachotaka, na mashine huuvuta umeme kwa kiasi hicho na kuugeuza kuwa joto linalotolewa na feni.

Mashine hiyo ina njia nne za kufanya kazi. Ya kwanza huvuta ampea zilezile muda wote, na ndiyo inayofaa kupima ujazo wa betri. Ya pili hushikilia omu zilezile, kama waya za Ohm. Ya tatu hushikilia volti zilezile, na hufaa kupima paneli ya sola juani hatua kwa hatua, kwani paneli isiyo na mzigo inaweza kuonyesha volti nyingi hata jua likiwa dogo. Ya nne huvuta wati zilezile, kama inveta inavyofanya. Kwa wati 120, betri ya volti 12 hutoa ampea 10, lakini ikishuka hadi volti 10.5 hulazimika kutoa zaidi ya ampea 11. Yaani kadiri inavyochoka ndivyo inavyobebeshwa zaidi.

Kabla ya kuunganisha, soma kwanza uwezo wa mashine. Yenye kikomo cha wati 150 inahimili ampea 10 kwenye volti 12.6, ambazo ni wati 126, lakini ampea 20 zingezidi wati 250. Hakikisha chanya na hasi haziachani na alama zake. Tumia nyaya nene na fupi, kwani waya mwembamba hula volti na kuifanya betri nzuri ionekane mbovu. Kwa sababu hiyo mashine nyingi zina jozi ya pili ya nyaya nyembamba za kupimia tu. Hizo hufungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, na kwa kuwa karibu hazipitishi mkondo, hazipotezi volti.

Kisha weka kikomo cha chini ili betri isiharibiwe na kipimo chenyewe. Kwa betri ya risasi ya volti 12, kikomo kinachotumika sana ni volti 10.5. Betri iliyoandikwa saa-ampea 100 kwa kipimo cha saa 20 inapaswa kutoa ampea 5 kwa saa 20 kabla ya kufika hapo. Ikifika baada ya saa 12, mnunuzi amepata saa-ampea 60 kwa bei ya 100.

Faida ya programu ni kwamba mzigo unaweza kuigwa jinsi ulivyo shambani: ampea 2 za taa kwa dakika 10, kisha ampea nyingi kwa sekunde chache kama pampu inapoanza kuzunguka, kisha kurudi chini, usiku kucha, mashine ikiandika kila kipimo.

Kwa mkulima asiye na mashine

Si lazima kila mtu anunue mashine hiyo. Balbu ya taa kubwa ya gari ya volti 12, wati 55, huvuta takriban ampea 4.5 na inatosha kwa kipimo cha awali. Ijaze betri, iache ipumzike kwa saa kadhaa, pima volti zake, washa balbu na pima tena baada ya dakika chache. Linganisha na betri nyingine ya ukubwa uleule. Inayoshuka zaidi ndiyo yenye ukinzani mkubwa wa ndani.

Fanya kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na moto na cheche, kwani betri ya maji hutoa gesi inayolipuka inapochajiwa. Kamwe usiunganishe vichwa viwili vya betri kwa waya mtupu ili kuona cheche zake. Hicho si kipimo, ni hatari.

Kwa mfugaji anayepoza maziwa au mkulima anayeendesha pampu kwa sola, betri ni moja ya gharama kubwa za mradi. Ohm alipoteza karibu mwaka mzima kwa kuamini chanzo ambacho hakikuwa kinatulia, akaokolewa na kipimo. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aibebeshe betri mzigo mbele yako, na usiangalie mita kabla ya hapo.